Saini Halali, Programu Yenye Hila: Kukagua Faili Kabla ya Kuisakinisha

Maandishi ya mazungumzo kwa wahudumu wa saiba, makarani wa ofisi za wadi na vijana wa vituo vya kompyuta, Meru na Embu



Mkulima wa pande hizi anajua kukwangua kibandiko. Pakiti ya mbegu iliyoidhinishwa huwa na kibandiko cha KEPHIS. Mkulima hukikwangua, akatuma namba iliyo chini yake kwa ujumbe mfupi kwenda 1393, na jibu likamwambia kama mbegu hiyo ni halali. Hilo limewaokoa wengi dhidi ya mahindi ya kula yaliyopakwa rangi na kuuzwa kama mbegu. Lakini mkulima wa Kiritiri au Siakago akinunua H614, akakwangua na kupata jibu kwamba mbegu ni halali, bado anaweza kulala njaa. H614 ni mahindi ya nyanda za juu. Hukaa shambani miezi sita na zaidi, na hutaka mvua ambayo Mbeere haina. Kibandiko hakikumdanganya. Aliuliza, "Hii ni mbegu ya kampuni iliyoandikwa hapa?" akajibiwa ndiyo. Hakuuliza kama inafaa shamba lake.

Saini ya kidijitali kwenye faili ya programu ni kibandiko cha namna hiyo, na watu wengi huisoma vibaya kwa namna hiyo hiyo.

Chukulieni saiba moja ya barabarani pale Runyenjes, ambayo ingeweza kuwa Nkubu au Maua. Ni saa nane mchana. Mzee ameleta vyeti vya mjukuu wake vitumwe kwa maombi ya kazi, na tovuti ya mwajiri inakataa faili kwa sababu ni kubwa mno. Kijana wa saiba anamwambia, "Mzee, keti kidogo, nitafute programu ya kupunguza hii." Mzee anajibu, "Sawa mwanangu, ila matatu yangu inaondoka saa tisa." Kijana anaandika kwenye kivinjari, anabonyeza jibu la kwanza, anapakua kisakinishi cha bure. Windows inamwuliza kama anakubali programu hii ibadilishe mashine. Kisanduku kina rangi ya samawati, si manjano, na kinataja jina la kampuni iliyothibitishwa. Kijana anaona samawati, anakubali, kisha anabonyeza "Next" mara nne bila kusoma. Vyeti vinapungua ukubwa, vinatumwa, na mzee anawahi matatu yake.

Kesho yake kivinjari kinafungukia ukurasa mwingine. Kila utafutaji unapitia tovuti isiyojulikana. Mteja akitafuta mahali pa kujaza ushuru wake au kuomba cheti cha tabia njema, majibu ya juu ni matangazo ya watu wanaotoza pesa kwa huduma ambayo serikali haitozi, au inatoza kidogo. Mmoja wao anaomba namba ya kitambulisho, PIN ya KRA na nywila, na ukurasa wake unafanana sana na ule wa kweli. Kwenye mashine ya nyumbani hasara hiyo ingekuwa ya mtu mmoja. Mashine ya saiba hupitiwa na kijiji kizima: fomu za HELB, kadi za SHA, hati za mashamba, barua pepe za watu ambao hawajui kuwa hawakutoka kwenye akaunti zao.

Yule kijana hakuwa mzembe kwa kiwango cha kushangaza. Aliona kisanduku cha samawati, naye alikuwa ameambiwa kwamba manjano ndiyo hatari.

Sasa, samawati ile inasema nini hasa? Mtengenezaji wa programu huipitisha faili yake kwenye hesabu inayotoa mfuatano wa herufi na tarakimu, ambao ni alama ya kidole ya faili hiyo. Ukibadilisha hata herufi moja ndani ya faili, alama inakuwa nyingine kabisa. Mtengenezaji huifunga alama hiyo kwa ufunguo wake wa siri, na kuambatisha cheti kinachosema ufunguo huo ni wa nani. Cheti hutolewa na mamlaka za vyeti ambazo Microsoft inaziamini, kama vile DigiCert, Sectigo au GlobalSign. Mamlaka huangalia kama kampuni imesajiliwa, kama anwani yake ipo, kama aliyeomba ana idhini ya kuomba. Malipo yake ni mamia ya dola kwa mwaka. Tangu Juni 2023, ufunguo wa siri unatakiwa kuhifadhiwa ndani ya kifaa maalumu kisichoruhusu kunakiliwa, kwa sababu funguo ziliibwa sana zamani. Kirusi kilichoitwa Stuxnet, kilichogunduliwa mwaka 2010, kilibeba saini za kampuni mbili za Taiwan, Realtek na JMicron, ambazo hazikuwa na habari.

Kwa hiyo saini halali inathibitisha mambo mawili: aliyetia saini ana ufunguo wa kampuni fulani, na faili haijaguswa tangu itiwe saini. Hakuna jambo la tatu. Hakuna mtu katika mamlaka ya vyeti aliyeketi na kuijaribu programu aone kama itakujazia matangazo. Chifu akigonga muhuri kwenye barua kwamba anamfahamu fulani kuwa mkazi wa kata yake, hajasema fulani hulipa madeni.

Linalowashangaza wengi ni kwamba programu za matangazo hupenda saini kuliko virusi vyenyewe. Watafiti wa taasisi ya IMDEA mjini Madrid walichunguza maelfu ya faili zilizotiwa saini na kutangaza matokeo yao mwaka 2015. Sehemu kubwa ya faili mbaya zenye saini halali zilikuwa za kundi hili, programu zisizotakiwa, na si virusi vya kawaida. Sababu haifichiki. Mwenye kirusi ni mhalifu anayekimbia, lakini mwenye programu ya matangazo mara nyingi ni kampuni iliyosajiliwa, yenye mwanasheria na akaunti ya benki. Analipia cheti kama gharama nyingine yoyote ya biashara. Akishtakiwa, anasema mtumiaji alikubali: si alibonyeza "Next"? Cheti kikibatilishwa, kampuni nyingine inasajiliwa kwa jina jingine na kupata cheti kingine. Hata kubatilishwa kwenyewe kuna mwanya. Saini yenye muhuri wa muda unaoonyesha kuwa ilitiwa kabla ya tarehe ya kubatilishwa huendelea kuhesabiwa kuwa halali.

Kuna kisa kimoja ambacho kila anayeuza au kununua vipakatalishi vya mtumba anapaswa kukijua. Kuanzia mwaka 2014 hadi mwanzoni mwa 2015, baadhi ya vipakatalishi vya Lenovo viliuzwa vikiwa tayari na programu ya matangazo ya kampuni ya Superfish. Mnunuzi hakuipakua mahali popote. Ilitoka nayo dukani. Ili iweze kuingiza matangazo hata kwenye kurasa zenye alama ya kufuli, programu hiyo ilipanda cheti chake kikuu ndani ya Windows, ikajifanya kuwa yenyewe ndiyo mamlaka ya vyeti. Tangu hapo iliweza kutoa cheti cha benki yoyote, na kivinjari kikaonyesha kufuli bila kulalamika. Mabaya zaidi, ufunguo ulikuwa mmoja katika mashine zote, na Februari 2015 mtafiti mmoja aliifumbua nywila yake kwa muda mfupi. Ilikuwa "komodia", jina la kampuni iliyotengeneza teknolojia hiyo. Yeyote aliyeketi kwenye mtandao mmoja na mwenye mashine hiyo angeweza kujifanya benki yake. Lenovo ilitoa kifaa cha kuiondoa, na mwaka 2017 ikafikia makubaliano na tume ya biashara ya Marekani. Kwa anayenunua mashine ya miaka hiyo, jambo la kukumbuka ni kwamba kuiondoa programu peke yake hakukukiondoa kile cheti. Kilibaki. Mashine ya mtumba isafishwe na Windows isakinishwe upya kutoka kwa Microsoft, isichukuliwe ilivyo.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji shahada. Unahitaji dakika tano, na dakika tano ni nyingi pale foleni inapofika mlangoni, kwa hiyo ni afadhali ufanyike asubuhi kabla ya wateja. Saiba iliyo na programu zake tayari kwenye folda moja haina haja ya kutafuta kisakinishi mzee akiwa amesimama.

Mhudumu asiifungue faili aliyopakua. Aibonyeze kwa kitufe cha kulia cha kipanya, achague "Properties", kisha aende kwenye kichupo cha "Digital Signatures". Kichupo kisipokuwepo, faili haina saini. Hilo peke yake si hukumu, kwa maana 7-Zip, programu ya heshima ya kufungua faili zilizobanwa, imetolewa kwa miaka mingi bila saini. Kichupo kikiwepo, abonyeze "Details" na asome mambo matatu: kama Windows inasema saini ni sawa, ilitiwa lini, na ilitiwa na nani.

Hilo la tatu ndilo lenye uzito. Firefox ya kweli imetiwa saini na Mozilla Corporation. VLC imetiwa saini na VideoLAN. LibreOffice imetiwa saini na The Document Foundation. Ikiwa mhudumu ameshika faili inayojiita VLC lakini saini ni ya kampuni nyingine yenye jina la jumla jumla, la aina ambayo lingeweza kuwa la muuza mabati au la wakala wa ndege, basi si VLC aliyoshika, ni VLC iliyofungwa ndani ya mfuko wa mtu mwingine. Mtu haweki mfuko wake pasipo faida. Faida iko kwenye vitu vitakavyosakinishwa pamoja nayo.

Hatua ya pili ni kuuliza wengine wanaiona vipi faili ile. Kuna tovuti iitwayo VirusTotal, iliyoanzishwa Hispania mwaka 2004 na kununuliwa na Google mwaka 2012. Huipitisha faili kwa vikagua-virusi vya kampuni nyingi, kama sabini hivi, na kuonyesha kila kimoja kimesema nini. Wengi huipandisha faili nzima huko na kumaliza bando. Hakuna haja. Kwenye Windows mhudumu afungue dirisha la amri, aandike certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256. Mashine itatoa ile alama ya kidole, herufi na tarakimu 64. Aiweke hiyo kwenye sehemu ya kutafuta ya VirusTotal. Kama faili imewahi kukaguliwa na mtu yeyote duniani, majibu yatakuja kwa data kidogo sana.

Na hapa kuna onyo ambalo halisemwi vya kutosha. Faili inayopandishwa VirusTotal huweza kuonekana na wateja wa huduma hiyo wanaolipia. Kisakinishi ni sawa. Nakala ya kitambulisho cha mteja, barua ya hospitali, orodha ya wanachama wa chama au hati ya ofisi ya wadi visipandishwe huko hata kama vinashukiwa kuwa na virusi.

Majibu yasomwe kwa akili, si kwa kuhesabu tu. Programu za matangazo huitwa kwa majina kadhaa: adware, PUA, PUP, na kikagua kimoja maarufu hutanguliza maneno "not-a-virus". Mtu akiona hilo la mwisho hufurahi na kusakinisha. Maana yake ni kwamba si kirusi, ila ni kitu ambacho pengine hungekitaka. Vikagua viwili visivyojulikana vikilalamika na vingine vyote vikinyamaza, huenda ni kengele ya uongo. Vikagua kumi vikitaja jina la familia moja, hapo hakuna ubishi. Na sifuri haina maana ya usalama ikiwa faili ilionekana kwa mara ya kwanza leo asubuhi. Bado hakuna aliyeichunguza. Tarehe ya kuonekana kwanza imeandikwa kwenye ukurasa huo huo, katika sehemu ya maelezo.

Mashine ambazo tayari zinaendesha mambo yasiyoeleweka zinaweza kupekuliwa kwa kifaa cha bure cha Microsoft kiitwacho Sigcheck, ambacho huorodhesha programu na saini zake na kinaweza kuuliza VirusTotal chenyewe. AdwCleaner ya Malwarebytes nayo ni nyepesi na haitaki kusakinishwa. Windows 10 na 11 zina kinga ya ndani dhidi ya programu zisizotakiwa, katika sehemu ya usalama inayohusu programu na kivinjari. Kwenye mashine nyingi za zamani kinga hiyo imezimwa, mara nyingine na fundi aliyetaka kuweka Office ya wizi. Hapo ndipo mazungumzo haya yanagonga ukuta. Mwenye kusakinisha kreki ameizima kinga kwa mkono wake mwenyewe, akaendesha faili isiyo na saini kutoka kwa mtu asiyemjua, na kumpa mamlaka yote ya mashine. Hawezi kuuliza tena kuhusu saini. LibreOffice ni ya bure na inafungua faili za Word. Kwa barua za maombi ya kazi inatosha kabisa.

Karani wa ofisi ya kaunti asifanye lolote kati ya haya kwenye mashine ya kazi bila kumwarifu afisa wa ICT. Kwake hatua ni fupi: asisakinishe, apige simu.

Upande wa simu, mambo yako tofauti, na wengi wenu mna simu kuliko kompyuta. Kwenye Android, kila programu lazima iwe na saini, hata ile mbaya kuliko zote, vinginevyo simu haikubali kuisakinisha. Lakini ufunguo hujitengenezea mwenyewe mtengenezaji. Hakuna mamlaka inayomthibitisha. Saini hapo kazi yake ni kuhakikisha kuwa toleo jipya limetoka kwa yule yule aliyetoa la kwanza. Kwa hiyo anayesema "programu hii imetiwa saini" kuhusu faili ya APK iliyotumwa kwenye kikundi cha WhatsApp hajasema kitu.

Saini hiyo ina faida moja ambayo mtu anaweza kuiona kwa macho. Zile WhatsApp zilizobadilishwa, GB, FM na ndugu zao, haziwezi kubeba saini ya WhatsApp yenyewe kwa kuwa hazina ufunguo wake. Ikiwa simu inadai programu ya awali iondolewe kwanza ndipo "toleo jipya" liingie, mara nyingi sababu ni kwamba saini hazilingani. Agosti 2021 kampuni ya Kaspersky ilitangaza kwamba toleo moja la FMWhatsApp lilikuwa na programu hasidi iitwayo Triada, iliyoingia kupitia kipande cha matangazo. Ilionyesha matangazo, iliweza kuwasajili watu kwenye huduma za kulipia bila ridhaa yao, na ingeweza kuiteka akaunti ya WhatsApp.

Hiyo Triada ilikwisha kuonekana barani. Agosti 2020 kampuni ya Upstream ilieleza kwamba simu za Tecno W2 zilikuwa nayo tangu kiwandani, pamoja na nyingine iitwayo xHelper, na kwamba ilizuia miamala ya kutiliwa shaka milioni 19.2 kutoka simu zaidi ya 200,000. Nchi zilizotajwa zaidi zilikuwa Misri, Ethiopia, Afrika Kusini, Kamerun na Ghana. Kampuni mama, Transsion, ilisema kosa lilikuwa la msambazaji mmoja katika mnyororo wake. Simu ile ilikuwa ya bei nafuu, ya mtu anayenunua salio la shilingi ishirini, na ndiye aliyekatwa salio hilo.

Mwenye simu inayotoa matangazo hata akiwa hajafungua kitu, asubiri tangazo litokee, kisha afungue orodha ya programu zilizo wazi. Ile iliyo juu, mara nyingi yenye jina la tochi au la kisafishaji simu, ndiyo mwenyewe. Aingie kwenye mipangilio, aangalie ni programu zipi zimeruhusiwa kujitokeza juu ya nyingine, na aondoe ruhusa hiyo kwa kila asiyoitambua. Programu isiyo na ikoni kwenye skrini bado iko kwenye orodha ya mipangilio.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inamtaka anayeendesha mfumo wa kompyuta, wa umma au wa binafsi, kuiarifu kamati ya taifa kuhusu mashambulizi na uvamizi ndani ya saa 24. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa anayehifadhi taarifa za watu saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data zikivuja na kukawa na hatari kwa wenyewe. Tangazo la kuudhi peke yake halifikii huko. Programu iliyochukua nywila za wateja imefika, na mwenye saiba hawezi kusema kwamba kampuni iliyoitengeneza ilikuwa na cheti. Kituo cha taifa cha kushughulikia matukio hayo, KE-CIRT, kiko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano na hupokea ripoti za mwananchi yeyote kupitia tovuti yake.

Yule kijana wa Runyenjes, basi, afanye nini leo jioni baada ya kufunga? Aitenge mashine ile na intaneti. Aandike tarehe na jina la kisakinishi, na jina lililo kwenye saini yake, kabla ya kukifuta. Aipekue, na ikishindikana aisakinishe Windows upya. Awapigie wateja walioingia kwenye akaunti zao siku zile mbili, awaambie wabadilishe nywila kwa kutumia simu zao wenyewe, si kwa mashine ile. Amwanze yule mzee, kwa kuwa vyeti vya mjukuu wake bado vimo kwenye folda ya vipakuliwa, ambako vimekaa tangu saa nane ile.